Hatia ya Chande katika Nchi ya Mazoea

Waliowahi kufika nchi ya Mazoea ni wachache, na waliorudi wakaisimulia bila kujisifu ni wachache zaidi. Chande Mtimbuka wa Masasi yumo katika hao wa pili, na sababu yake huitaja mwenyewe mapema kabla hujamuuliza: hana cha kujisifia. Aliyoyaona huko na yaliyomkuta ni haya.

Kabla ya hapo Chande alikuwa mpima korosho katika ghala la chama cha msingi. Siku moja akasoma kwenye simu kwamba dunia nzima inalilia mafundi wa kompyuta, na kwamba mtu anaweza kusomea chumbani kwake, akafanya mtihani, akapewa cheti. Akasoma miezi ishirini. Cheti cha kwanza kilikuwa cha misingi ya kompyuta, cha pili cha mitandao, cha tatu cha ulinzi wa mitandao, cha nne cha kutunza kumbukumbu, na hivyo hivyo hadi cha tisa, ambacho ukimuuliza leo kilihusu nini atakwambia kilikuwa na muhuri mzuri. Dada yake Somoe, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alivitia vyote kwenye plastiki ngumu, akautangazia mtaa kwamba mdogo wake ni injinia. Chande hakumsahihisha. Alianza hata kutembea kama injinia: polepole, mikono nyuma, akizitazama nguzo za umeme kwa masikitiko.

Mazoea ilisifika kuwa nchi yenye kompyuta nyingi kuliko kuku, na Chande akafunga safari kwenda huko. Mji wake mkuu, Kitovu, umezungukwa na ukuta, na ukuta una lango moja tu. Juu ya lango pameandikwa: WAGENI KARIBUNI. MUWE MMESHAWAHI KUINGIA.

Chande aliyasoma maneno hayo mara mbili, akaona pengine aliyeyaandika alikuwa na haraka. Chini yake aliketi Mpima Miaka, afisa mwembamba wa suti ya kijivu, jina lake Bwana Ngwali.

"Miaka mingapi?" aliuliza Bwana Ngwali.

"Ishirini na saba, mheshimiwa."

"Siulizi umri. Nauliza uzoefu."

"Nina vyeti tisa." Chande akavipanga mezani.

Bwana Ngwali alivitazama kimoja kimoja kwa heshima ya kweli. Kimoja kilikuwa na vumbi, akakipangusa kwa kitambaa chake mwenyewe.

"Vizuri sana," alisema. "Hivi vinathibitisha kwamba unajua. Sasa nipe kinachothibitisha kwamba umefanya."

"Nikiruhusiwa kuingia, nitafanya."

"Ukiwa umefanya, utaruhusiwa kuingia."

"Lakini kazi ziko ndani, mheshimiwa."

"Zote," alikubali Bwana Ngwali. "Ndiyo maana tumeweka ukuta."

Hakuyasema kwa kejeli. Chande husisitiza jambo hili: katika nchi ile hakukutana na afisa hata mmoja mkorofi. Walikuwa watu wa adabu waliotii sheria, na sheria zilitungwa na watu waliokwisha kuwa ndani. Bwana Ngwali akampigia muhuri kibali cha kukaa nje ya ukuta siku tisini, akamtakia mafanikio.

Nje ya ukuta palikuwa na uwanja mpana uitwao Uwanja wa Vyeti, na hapo waliishi watu kama elfu nne waliokuwa wakisubiri. Kila mmoja alivaa vyeti vyake shingoni, vimetungwa kwa kamba, na upepo ukivuma uwanja mzima ulichakarika kama shamba la mahindi yaliyokauka. Humo ndimo Chande alimojifunza desturi za Mazoea. Watu wa ndani hawasalimiani kwa kuulizana hali, huulizana miaka. Sheria yao ya ndoa inamtaka bwana harusi awe ameshaishi na mke si chini ya miaka mitatu, kwa hiyo wagane hugombewa, na vijana huzeekea kwa mama zao. Mkate wa mji mzima huokwa na mzee mmoja wa miaka tisini na mmoja, kwa kuwa hakuna mwingine aliyewahi kuoka, na asiyewahi kuoka haruhusiwi kusogelea tanuri. Mzee huyo akiugua, mji hula viazi.

Kila asubuhi redio ya Kitovu ilitangaza kwa majonzi kwamba nchi ina uhaba mkubwa wa mafundi. Baada ya taarifa hiyo zilisomwa nafasi za kazi. Chande anaikumbuka moja kwa neno: "Anatafutwa mtu wa kuanza kazi. Awe alianza si chini ya miaka mitano iliyopita." Watu elfu nne waliisikiliza wakiwa wamesimama, kisha wakaketi tena kujisomea.

Mkuu wa uwanja aliitwa Mwalimu Feruzi, mwanamume wa makamo mwenye sauti ya kutuliza. Alikuwa na vyeti thelathini na kimoja, na hapo uwanjani alikuwa na miaka kumi na mmoja, kwa sababu anayejiandikisha kwa mtihani mpya huongezewa siku tisini. Kila alasiri alifundisha namna ya kujibu maswali ya usaili. Chande akainua mkono.

"Mwalimu, samahani. Wewe umeshawahi kuitwa kwenye usaili?"

"Kijana," alijibu Feruzi bila kukasirika, "mkunga mwanamume naye lazima azae?"

Wanafunzi walicheka, na Chande akaliandika jibu hilo kwenye daftari lake kama hekima. Siku hizi akilisoma hujishika kichwa. Lakini wakati ule alikuwa mwanafunzi mwema, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa ameshinda mtihani wa cheti cha kumi, kiitwacho Cheti cha Kueleza Vyeti. Akampigia simu Somoe kumpa habari.

"Hongera mdogo wangu. Na kazi lini?"

"Niko kwenye hatua, dada."

"Hatua ipi?"

"Ya kumi."

Somoe akasema majirani wanamsalimia injinia.

Alhamisi ilikuwa siku ya Baraza Kuu, na mjadala ulirushwa kwa vipaza sauti ili hata walio nje wanufaike. Juma lile hoja ilikuwa hii: uzoefu hutoka wapi? Mjumbe mmoja alisema hutoka kwa wazoefu. Wa pili alipendekeza watoto wa Mazoea wahimizwe kuzaliwa nao. Wa tatu, mwanamke aliyesikika kuwa amechoka, aliuliza wazoefu wa kwanza kabisa waliupata kwa nani, naye akaambiwa swali hilo halina mtangulizi, na jambo lisilo na mtangulizi halijadiliwi. Wakaunda kamati. Uwanjani watu walipiga makofi. Chande naye alipiga, kwa nguvu, na hilo ni miongoni mwa mambo anayoyaomba yasahaulike.

Siku ya thelathini na nane alikuja uwanjani mwanamke wa miaka kama hamsini, amevaa sare ya uuguzi na kandambili, anahema kwa mwendo. Alikuwa Nesi Tunu, mkuu wa zahanati ya Ng'ambo, kitongoji kilicho nje ya ukuta upande wa bondeni.

"Nasikia hapa kuna mafundi wa kompyuta," alisema. "Nina kompyuta moja haiwaki. Nahitaji fundi mmoja."

Watu elfu nne walitazama chini. Mwalimu Feruzi ndiye aliyejibu. "Mama, kazi ya nje ya ukuta haihesabiki. Isitoshe, kufanya kazi bila uzoefu ni kosa la jinai. Kifungu cha nne."

"Mle ndani nimeomba miezi miwili. Wanasema nje si kwao. Ninyi mnasema nje haihesabiki. Mimi nina daftari la chanjo la watoto mia sita na kumi na wawili humo ndani ya hiyo kompyuta. Niambieni basi hao watoto ni wa wapi."

Hapo Chande akasimama. Angependa kusema alisimama kwa huruma, lakini ukweli ni kwamba yule mama aliuzungusha uso, akamwona, akasema, "Wewe, injinia?" na neno hilo likamwinua kama mtu aliyevutwa kwa ukosi.

Alifika zahanati amevaa vyeti vyote kumi. Wajawazito waliokuwa kwenye benchi walimpisha, mmoja akadhani ni mganga. Kompyuta ilikuwa kwenye chumba cha dawa, juu ya meza ya chuma, imefunikwa kitenge. Chande akaiwasha. Skrini ikabaki nyeusi, ikatokea mstari mmoja mweupe: Mfumo haukupatikana.

Akasubiri. Miezi ishirini yote, swali lilipokuja lilikuja na majibu manne: mawili ya kipuuzi, moja la karibu, na moja sahihi. Hapa palikuwa na swali tupu. Chande aliutazama ule mstari mweupe kama mtu anayetazama mlango akisubiri ufunguliwe kwa ndani, jasho likaanza kumtoka chini ya plastiki.

"Sasa?" aliuliza Nesi Tunu.

"Inaonekana kuna hitilafu katika tabaka la mfumo," alisema Chande, "inayotokana na kutowiana kwa..."

"Baba, mimi sijui hayo. Itapona?"

"Itapona, mama."

Alikuwa na flashi yenye mfumo mpya, akaamua ausimike upya. Kompyuta ikamwonyesha diski mbili, ikamtaka achague moja, ikamwonya kwamba itakayochaguliwa itafutwa yote. Akachagua aliyodhani ni tupu. Ikauliza tena: Una hakika? Katika vyeti vyake vyote hakuna mtihani uliowahi kumuuliza kama ana hakika. Akabonyeza Ndiyo, kwa sababu mama alikuwa anamtazama.

Baada ya nusu saa kompyuta iliwaka, safi, na picha ya mlima. Nesi Tunu akapiga kigelegele. Wajawazito wakaja mlangoni kushuhudia. Halafu mama akavaa miwani, akaomba afunguliwe daftari la chanjo, na Chande akalitafuta, akalitafuta tena. Lilikuwa halipo. Alikuwa amelifuta lote.

"Nakala ya akiba iko wapi?" aliuliza.

"Nakala gani?"

Cheti chake cha nne kilihusu jambo hilo hilo. Swali la kwanza la mtihani lilikuwa: kabla ya kugusa chochote, fundi hufanya nini? Jibu: hutoa nakala. Chande alipata alama tisini na nne, na swali hilo alilipata.

Alimwambia Nesi Tunu kwamba daftari bado linapakiwa, litachukua siku moja, akaondoka. Uwanjani alimsimulia Mwalimu Feruzi kila kitu.

"Tulia," alisema Feruzi. "Sema mashine ilikuwa imeshakufa. Nani atakuhoji? Wa kukuhoji lazima awe na uzoefu, na wenye uzoefu hawatoki nje. Jiandikishe mtihani wa kumi na moja, hiyo ndiyo dawa ya mawazo."

Ushauri ulikuwa mzuri, na kesho yake Chande aliufuata hadi dirisha la kujiandikishia. Foleni ilikuwa ndefu. Mbele yake walisimama mabinti wawili waliokuwa wakizungumza juu ya surua: imeonekana kijiji cha pili kutoka Ng'ambo, watoto watatu wamelazwa. Chande akatoka kwenye foleni. Anasema hakuamua kutoka, ila miguu ilitoka naye akawa juu yake.

Zahanati alimkuta Nesi Tunu mbele ya mama mmoja kijana mwenye mtoto mgongoni. Yule mama alitaka kujua mwanawe alipata chanjo ya surua ya pili au la.

"Daftari linapakiwa," Nesi Tunu alikuwa anamwambia. "Rudi kesho, mwanangu."

"Halipakiwi," alisema Chande pale mlangoni. "Nimelifuta. Lilikuwepo, mimi nikalifuta. Halirudi."

Nesi Tunu alivua miwani, akaikunja taratibu. Hakupiga kelele, na Chande alitamani apige.

"Miaka sita," alisema. "Miaka sita nimeingiza jina moja moja kwa hivi vidole viwili. Na jana ukaniambia linapakiwa."

"Ndiyo, mama."

"Vua hayo makaratasi."

Akavua vyeti.

"Chukua kalamu. Kaa hapo. Andika jina la huyu wa kwanza."

Kuanzia siku hiyo walipita nyumba kwa nyumba. Akina mama wa Ng'ambo walikuwa na kadi za kliniki, ila kadi nazo zina maisha yake: moja imeliwa na mchwa, nyingine imewashiwa moto, nyingine imekwenda na mume aliyehama, nyingine imefungiwa karanga. Pasipokuwa na kadi, Nesi Tunu alimfunua mtoto bega la kulia kutafuta kovu la chanjo ya kwanza, kisha akamhoji mama: alichanjwa msimu gani, alilia, alipata homa, nesi alikuwa nani? Chande aliandika. Watoto walimpachika jina la Bwana Nimefuta, kwa kuwa kila nyumba Nesi Tunu alimlazimisha aanze kwa kueleza mwenyewe kwa nini wamekuja. Nyumba ya kwanza alieleza kwa dakika kumi, kwa maneno ya tabaka na mfumo. Nyumba ya ishirini alikuwa anasema: "Hodi wenyewe. Nilifuta majina ya watoto wenu kwa uzembe. Naomba kadi." Walimkaripia, wakampa kiti.

Mchana aliingiza majina kwenye kompyuta. Ilizima mara kwa mara bila sababu. Hakuna mtihani uliomwandaa kwa hilo, ikabidi afungue boksi lake kwa bisibisi ya kuazima kwa fundi baiskeli, akakuta kiota cha mjusi na vumbi zito kama blanketi. Akasafisha. Ikaacha kuzima. Alikaa sakafuni akicheka peke yake hadi Nesi Tunu akaja kuchungulia. Kila jambo lililoharibika aliliandika kwenye daftari, na namna alivyolitengeneza, na mara nyingi zaidi namna alivyoliharibu zaidi kabla ya kulitengeneza. Nakala alitoa tatu kila siku: moja kwenye flashi ya Nesi Tunu, moja kwa mwalimu mkuu wa shule, na ya tatu kwenye karatasi.

Siku ya arobaini na tatu ya kazi hiyo waliandika jina la mia sita na kumi na mbili. Ishirini na watatu hawakuweza kuthibitishwa, wakachanjwa upya. Surua ilifika Ng'ambo juma lililofuata, ikakuta orodha imetangulia. Walilazwa wawili, wageni waliopita njia, wakapona. Hakuzikwa mtoto.

Mkaguzi wa afya alitoka Kitovu kuja kushangaa. Akaliona daftari, safi, lenye mpangilio. "Fundi wenu ni nani?" aliuliza. Nesi Tunu, kwa furaha, akamtaja. Mkaguzi akamsifu Chande sana, akamshika mkono, na alipofika mjini akamshitaki kwa kifungu cha nne, kama sheria ilivyomtaka.

Kwa hiyo Chande aliingia Kitovu kwa mara ya kwanza akiwa na pingu. Lango lilimpitisha bila swali. Kesi ilisikilizwa mbele ya Baraza Kuu, na mwendesha mashitaka alikuwa Bwana Ngwali, suti ile ile.

"Mshitakiwa," alisema Bwana Ngwali, "unashitakiwa kwa kufanya kazi siku arobaini na tatu bila uzoefu. Unasemaje?"

Kabla hajajibu, yule mjumbe mwanamke mwenye sauti iliyochoka alinyanyuka. "Mheshimiwa Spika, naomba mwongozo. Tukimtia hatiani, tutakuwa tumethibitisha kwamba alifanya kazi. Aliyefanya kazi ana uzoefu. Mwenye uzoefu hana kosa."

Ukumbi ukanguruma. Mjumbe mwingine alisema basi aachiwe. "Tukimwachia," mwanamke alijibu, "tutakuwa tumetamka kwamba hakufanya kazi, na daftari la watoto mia sita limejiandika lenyewe." Walijadiliana kutwa nzima. Mmoja alitaka atiwe hatiani nusu. Mwishowe Spika, mzee mwenye usingizi mwepesi, akasema njia rahisi ni mshitakiwa akane. Akikana, ataachiwa huru, atarudishwa kwao bila doa, na sheria itabaki nzima.

"Kijana," Spika alimwambia kwa upole, "sema tu hukufanya kitu."

Chande anakiri kwamba alishawishika. Miezi ishirini ya masomo, na hatimaye mtu mkubwa anampa swali na jibu lake. Akageuka, akamwona Nesi Tunu kwenye benchi la mashahidi, kandambili zimechafuka kwa mwendo wa asubuhi.

"Nilifanya, mheshimiwa," alisema. "Kwanza niliharibu. Nilifuta daftari la watoto wote kwa sababu niliona haya kusema sijui. Kisha nikadanganya. Halafu tukaliandika upya. Yote nilifanya mimi, isipokuwa lile la kuandika upya, hilo tulifanya na mama."

Bwana Ngwali alimwita shahidi. "Ni kweli aliharibu?"

"Aliharibu vibaya mno," alisema Nesi Tunu. "Mpaka leo nikikumbuka nasikia hasira."

"Na unamtetea?"

"Simtetei. Mimi nimekuja kueleza tu. Aliharibu, halafu hakuondoka. Mafundi wenu wenye miaka thelathini sijui kama huharibu, maana hawajawahi kufika kwangu."

Baraza lilipiga kura. Chande akapatikana na hatia kwa tofauti ya kura moja. Karani akaandika hukumu, Spika akaigonga muhuri wa taifa: "Imethibitika pasi na shaka kwamba Chande Mtimbuka alifanya kazi ya kompyuta siku arobaini na tatu." Adhabu ilikuwa kutoka nje ya lango. Bwana Ngwali alimsindikiza hadi nje, akaipokea karatasi ya hukumu ili aifungulie jalada, akaisoma, akaisoma tena. Alikuwa mtu mwaminifu. Akafungua lango.

"Unaweza kuingia," alisema. "Una hati."

Siku ile ile Chande alimpigia simu dada yake.

"Dada, nimehukumiwa."

"Yarabi! Kosa gani?"

"La kufanya kazi."

Somoe akafikiri. "Basi katika ukoo wetu wewe ndiye wa kwanza."

Habari ilipofika Uwanja wa Vyeti, watu elfu nne walipanga foleni langoni wakiomba washitakiwe. Bwana Ngwali akawauliza wamefanya kazi gani, nao hawakuwa na cha kukiri. Basi wakatawanyika kwenda kutafuta kosa: wengine shuleni, wengine kwenye pampu ya maji, wengine ofisi ya kijiji. Mwalimu Feruzi alikwenda kwa Nesi Tunu. Alikataliwa mara mbili. Ya tatu akaja bila vyeti, akapewa bisibisi. Bwana Ngwali alijaza majalada hadi wino ukamwishia.

Chande yeye alipewa kazi ndani, kwenye dawati la chini kabisa la jengo la Baraza, la kupokea simu za waliosahau neno la siri na walioona panya wa kompyuta haendi. Alipenda kazi hiyo kuliko alivyotarajia. Juma la tatu alitumwa chumba cha waya kuchomoa waya mmoja mwekundu, akachomoa mwekundu mwingine. Jengo zima likazimika, na Baraza lilikuwa katikati ya mjadala. Spika alikatika katikati ya neno.

Chande akapanda ngazi ghorofa nne. Ukumbini wajumbe waliketi gizani wakisubiri mwenye uzoefu wa giza.

"Nani amefanya hivi?" Spika aliuliza.

"Mimi," alisema Chande. "Nimekosea waya. Nipeni dakika tano."

Jengo lile lilikuwa na miaka thelathini, na swali hilo lilikuwa limeulizwa humo mara nyingi, ila halijawahi kujibiwa hivyo. Karani wa Baraza alitafuta kalamu kwa kupapasa, akafungua daftari la kumbukumbu, akaegemea upande wa Chande, akamwomba kwa sauti ya chini alitamke tena neno la kwanza, polepole, apate kujua linaandikwaje.